Upepo wa Mivukuto

Juzi, katika jumba moja la makumbusho hapa London, nilimsomea mtoto wa mdogo wangu habari za mvumbuzi aliyepuliza hewa baridi ndani ya chuma kilichoyeyuka, akapata chuma cha pua. Watu walimcheka, wakidhani chuma kitapoa. Kikazidi kuchemka.

“Lakini upepo unapoza, shangazi,” mtoto alibisha kwa Kiingereza chake.

Hata mimi utotoni nilidhani hivyo. Baba alikuwa mhunzi, na tangu tumzike mama hakuwa ameshika nyundo. Alasiri moja aliwasha makaa, akanikabidhi mivukuto aliyokuwa akivukuta mama. Nikasita. Mama alizoea kuzima koroboi kwa kuipuliza, nami niliogopa nikiuzima moto huu baba hatarudi tena kazini.

“Vukuta tu, binti yangu,” alisema. “Utauzimaje nami nipo?”

Nikavukuta. Makaa yakanguruma, yakawa mekundu, kisha karibu meupe, na harufu ya chuma cha moto ikajaa kibandani. Baba akainua nyundo, machozi yakimtiririka.

“Moshi huu,” alisema, nami nikasogea pembeni usije ukanipata.

Sasa najua kwamba makaa yakiwaka vile hayatoi moshi.