Lifti Kumi na Moja za Jumatatu

Kwa miaka minne karani wa kumbukumbu wa kampuni ya matengenezo ya lifti aliendelea kumpangia kazi mume wake, ambaye alikuwa amekufa. Hakufanya hivyo kwa kuchanganyikiwa. Alijua tarehe ya kifo, saa, na jina la muuguzi aliyefunga pazia. Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikaa chini ya meza yake, juu ya matofali mawili, katika ofisi yenye dirisha moja linalotazama ukuta. Ndani yake mlikuwa na kanzidata, yaani daftari kubwa la kampuni: lifti mia tatu na kumi na nane, umri wa kila moja, maradhi yake, na kila kazi iliyofanywa tangu kampuni ianze, pamoja na tarehe, maelezo na jina la fundi. Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi programu iligawa lifti za wiki kwa mafundi tisa, kumi na moja kila mtu. Mafundi walio hai walikuwa wanane.

Wa tisa alikuwa mume wake, na wenzake walimwita Ngazi. Alikuwa mrefu, lakini jina hilo halikutokana na urefu. Alipoitwa kutazama lifti alipanda kwa miguu hata kama ni ghorofa ya kumi na mbili, kwa sababu hakupenda kuingia kwenye lifti ambayo hajaikagua. Figo zilimuua kitandani kwake, siku ya Alhamisi. Wateja wawili walipiga simu kuuliza kama ilikuwa lifti, na karani, ambaye ndiye aliyepokea simu za ofisi, aliwajibu kwamba haikuwa lifti.

Aliporudi kazini baada ya msiba alifungua ukurasa wa mume wake ili aubadilishe. Programu ilimpa chaguo nne: Yuko kazini, Yuko likizo, Mgonjwa, Ameacha kazi. Alizisoma mara kadhaa. Ngazi hakuwahi kuacha kazi. Hata wiki ya mwisho aliulizia mlango wa lifti ya zahanati. Karani akachagua likizo. Siku ya thelathini na moja programu ilimrudisha kazini yenyewe na kumpangia lifti kumi na moja.

Tangu hapo akazoea. Kila Jumatatu aliwahi dakika ishirini kabla ya wenzake, akazichukua zile lifti moja baada ya nyingine na kumhamishia Nati, mdogo wake Ngazi, ambaye naye alikuwa fundi pale pale na kazi alifundishwa na kaka yake. Hakuna aliyejua. Au hakuna aliyesema.

"Shemeji," Nati alimwambia asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na karatasi yake, "mimi si mtu wa kulalamika."

"Basi usilalamike."

"Wenzangu wana kumi na moja. Mimi ishirini na mbili. Kila wiki. Nimewakosea nini watu wa kompyuta?"

"Una mikono mizuri."

"Ni miwili tu, kama ya wenzangu."

"Itumie yote miwili."

Nati aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Kaka alioa mtu mgumu," alisema, akaenda zake.

Mambo yangeendelea hivyo kama bomba lisingepasuka ukutani. Maji yalifika kwenye tofali la pili. Meneja, kijana mwenye viatu safi aliyekuja kampuni ile mwaka uliopita, alisimama kwenye maji akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "tunahamia kwenye wingu."

Alieleza kwamba wingu ni kompyuta za watu wengine, zilizo mbali, mahali pasipo na bomba. Kulikuwa na majukwaa matatu yanayotunza kanzidata za kampuni kwa njia hiyo. Alitaka ulinganisho wa ukurasa mmoja ifikapo Ijumaa. Yeye mwenyewe alishalipenda la kwanza, kwa sababu lilichora michoro ya rangi.

Karani alikuwa mtu wa kuchukua maagizo kama yalivyotolewa. Kila jukwaa lilimruhusu kujaribu siku kumi na nne bila malipo, basi akalipakia kila moja nakala nzima ya daftari, na kwa siku tatu akaishi katika ofisi tatu. Alipima muda wa kutafuta lifti kwa namba. Alimtuma Nati aingie kwenye shimo la lifti, ambako mtandao hushika kwa kubahatisha, ajaribu kuandika kazi kwa simu. Jukwaa la kwanza lilipoteza alichoandika, la pili likakiandika mara mbili, la tatu likakishikilia mpaka alipotoka nje. Aliuliza nakala za akiba hutunzwa siku ngapi, nani anaweza kuingia, na je, kampuni ikitaka kuhama itapewa daftari lake lote au itaachiwa vipande. Yote aliyaandika kwa penseli. Dada yake alipopiga simu kumjulia hali, akaambiwa habari za hayo majukwaa matatu na tabia zake, alisema, "Ungemchunguza shemeji yetu hivyo, usingeolewa."

Lilibaki swali moja. Aliliacha mpaka Alhamisi mchana, ofisi ikiwa tupu, ndipo akawapigia mawakala.

"Nikimwondoa mfanyakazi kwenye orodha," alimwuliza wa kwanza, "kazi alizofanya zinakwenda wapi?"

"Zinaondoka naye, mama!" Wakala alikuwa na sauti ya mtu anayesimama anapoongea na simu. "Usafi kabisa. Habaki hata chembe."

"Kazi elfu nne mia moja na kumi na mbili?"

"Hata ziwe laki. Sekunde mbili."

Karani alishukuru. Wakala wa pili alikuwa mpole. Alisema kwao kazi hubaki zote. Ila pale palipokuwa na jina la fundi panakuwa patupu.

"Patupu vipi?"

"Patupu tu, mama. Kama hapakuwa na mtu."

Wa tatu alichelewa kupokea, na aliposikia swali alishusha pumzi. "Hapo ndipo tunapogombana na wateja," alisema. "Mfumo wetu unakataa. Mtu akishakuwa na kazi hata moja, hafutiki. Unaweza kubadilisha hali yake, uandike mwenyewe amekuwaje, na tarehe. Asipangiwe kazi tena. Lakini kumfuta, hapana. Watu wanalalamika sana."

"Wanalalamikia nini?"

"Kwamba haufuti."

Karani aliandika neno moja kwenye karatasi: *Unakataa*. Kisha akakaa akiutazama ule ukuta wa nje ya dirisha. Alijua alichotaka. Alitaka mahali ambapo jina la mume wake lingebaki limesimama mbele ya kazi zake elfu nne. Alijua pia kwamba jukwaa la tatu halikuwa na michoro, na lilikuwa ghali kidogo, na kwamba ili amweleze meneja kwa nini kufuta ni jambo la kuogopwa, ingembidi afungue ukurasa wa fundi ambaye alipaswa kuwa ameondolewa miaka minne iliyopita. Meneja angeona neno lililo mbele ya jina lile. Hata kama asingelieleza, kuhama kwenyewe kungeliweka wazi: kila jukwaa lilitaka kujua, kabla ya lolote, wafanyakazi ni nani.

Ijumaa alipeleka ukurasa wake. Meneja aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Umeweka la tatu juu."

"Ndiyo."

"Mama, hili la tatu halina hata mchoro mmoja."

"Wewe unaichora lifti, meneja, au unaitengeneza?"

Meneja alitabasamu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Haya, sababu. Ya mtandao kwenye shimo nimeielewa. Lakini hii ya kufuta watu inatuhusu nini? Mtu akiondoka, ameondoka."

Karani aliigeuza kompyuta ya mkononi ya meneja, akafungua jukwaa la kwanza, akatafuta lifti ya zahanati. Kulikuwa na maelezo ya miaka kumi. La mwisho la Ngazi lilisomeka: *Mlango wa ghorofa ya nne husita asubuhi za baridi. Msiukaze. Usubirini.*

"Sasa angalia," alisema, akamfuta Ngazi.

Ilikuwa nakala ya majaribio tu, na alijua hivyo, lakini mkono wake ulichelewa kutoka kwenye kitufe. Sekunde mbili, kama alivyoahidiwa. Ukurasa wa lifti ya zahanati ukabaki na kazi za Nati za miaka minne tu, kana kwamba kabla yake lifti ile haikuwapo. Lifti sitini na tatu zikawa hivyo hivyo.

Meneja alijikuna shingo. "Basi la pili. Kule maelezo yanabaki."

"Yanabaki bila jina."

"Jina la nini? Maelezo si yale yale?"

Nati alikuwa amefika mlangoni kutaka sahihi ya vipuri, na alikuwa amesikia. "Samahani, meneja," alisema. "Nikikuta pameandikwa msiukaze, naangalia kwanza nani kasema. Ikiwa kaka ndiye kaandika, siugusi. Ikiwa sijui nani kaandika, naufungua wote, nusu siku, wagonjwa wanapanda kwa miguu. Na mkaguzi akija anauliza nani. Hatasema sawa, hapakuwa na mtu."

Meneja aliivuta kompyuta karibu, akafungua jukwaa la tatu, akatafuta jina la Ngazi. Aliona kazi zake zote. Juu ya hizo kazi aliona neno.

"Huyu," alisema polepole, "ameandikwa yuko kazini."

"Ndiyo," alisema karani.

"Si ndiye mume wako, marehemu?"

"Ndiye."

"Amekuwa akipangiwa lifti?"

"Kila Jumatatu. Kumi na moja."

"Na zinafanywa?"

"Hakuna hata moja iliyolala."

Meneja alimtazama Nati. Nati aliitazama dari. "Ndiyo maana yake," alisema Nati. "Ishirini na mbili."

"Ulikuwa unajua?"

"Meneja, nilipewa lifti za kaka yangu tupu, kwa mpangilio wake, kuanzia zahanati. Mimi si mjinga kiasi hicho." Akamgeukia karani. "Nilikuwa nalalamika kidogo tu, shemeji, usije ukajishtukia."

Meneja alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mimi nimeandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba tuna mafundi tisa."

"Ndiyo."

"Nimeagiza ovaroli tisa."

Karani aliinuka, akaenda ofisini kwake, akarudi na ovaroli nne ndani ya plastiki zake, za saizi kubwa kabisa, moja kwa kila mwaka. Aliziweka mezani, akazinyoosha kingo. Alikuwa na maneno ameyapanga kuhusu zile chaguo nne za programu, likizo na kurudishwa, lakini alipofungua kinywa alisema tu, "Hakuwahi kuacha kazi."

Meneja aliziangalia ovaroli kwa muda unaozidi kidogo unaohitajika kuangalia ovaroli. Kisha akachukua ule ukurasa wa ulinganisho, akaweka alama kwenye jukwaa la tatu na kutia sahihi.

"Ukihamisha daftari," alisema, "mwandike alivyo."

"Nitamwandika."

"Wewe mwenyewe. Asifanye mtu mwingine."

Alihamisha daftari Jumatano ya wiki iliyofuata. Ilichukua saa tatu na kikombe kimoja cha chai. Kwenye ukurasa wa Ngazi hapakuwa na chaguo. Palikuwa na nafasi nyeupe, na kijiti kinachowakawaka kikisubiri. Aliandika *Amefariki*. Aliandika tarehe. Alitegemea mfumo umwulize kama ana uhakika, na alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mfumo haukuuliza. Ulihifadhi, ukamwonyesha kazi zake elfu nne mia moja na kumi na mbili, jina likiwa mbele ya kila moja.

Akajaribu kumfuta. Mfumo ukakataa. Akajaribu tena, kisha akaufunga ukurasa.

Jumatatu alifika dakika ishirini kabla ya wenzake, kwa mazoea. Lifti zilikuwa zimeshagawanywa. Mafundi watano walipata kumi na mbili, watatu kumi na tatu. Hapakuwa na cha kuhamisha. Chini ya meza matofali mawili yalikuwa bado pale, na kati yake alama ya maji. Aliweka mikono yake juu ya meza, akaitazama hiyo mikono.

Nati aliingia na simu mkononi. "Kumi na tatu," alisema. "Shemeji, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Na zahanati?"

"Iko kwako. Niliibakiza."

Nati alikaa kwenye kiti cha wageni. Alikuwa amevaa ovaroli moja kati ya zile nne, kwa sababu yake ilikuwa imechanika goti. Miguu ya ovaroli ilikuwa imekunjwa mara tatu na bado iliburuta sakafuni.

"Utaanguka na hiyo," alisema karani.

"Nitapanda lifti."

"Ivue. Una suruali ndani?"

"Ninayo."

Akafungua droo, akatoa sindano na uzi wa bluu, ambao haukufanana sana na bluu ya ovaroli. Dakika ishirini zilitosha mguu mmoja. Wenzao walianza kuingia, simu ya kwanza ikaita, lifti imekwama na watu wawili ndani.

"Na mguu wa pili?" aliuliza Nati, akiishika ovaroli.

"Jumatatu ijayo," alisema karani, akapokea simu.