Toba ya Bartholomeo

Mwaka 1953, pale Runzewe, Scolastika alimshitaki mumewe kwa wazee wa kanisa kwamba analewa kisirisiri. Ushahidi wake? Mkono wa Bartholomeo ulitetemeka ukipumzika gotini, ila akishika jembe ulitulia. Tena alikula samli iliyovunda bila kusikia harufu. Wazee wakampigisha magoti mbele ya waumini wote, akatubu.

Mwaka haukuisha, akaanza kuburuta mguu, na uso ukakakamaa. Dresa wa zahanati akamkagua, akasema, “Mama, huu ni ugonjwa wa kutetemeka. Mkono ule na pua kutosikia harufu vilikuwa dalili zake za mwanzo. Pombe haihusiki.”

Njiani Scolastika alitamani ardhi ipasuke immeze. “Baba Kalisti,” akamuuliza mumewe, “mbona ulitubu?”

“Ningekataa, wangekupigisha magoti wewe kwa kosa la kusema uongo.”