Siku Niliyonyamaza Mbele ya Tribinali

Nilikuwa karani wa wakili mmoja Mbelgiji mjini Élisabethville mpaka alipofunga ofisi yake na kurudi kwao. Kwa miaka mingi nilikuwa nimezipiga chapa hoja zake, nikayajua mambo ya ndoa, mirathi na watoto kuliko nilivyozijua sala zangu. Mtu mweusi hakuweza kuitwa avoka, yaani wakili, wakati ule. Lakini kwenye tribinali ya cité, mtaa wa Waafrika, ambako waamuzi weusi walisikiliza mashauri ya watu wetu, mtu aliweza kuja na msemaji wake kama waamuzi wakikubali. Basi nikaweka meza katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikawa msemaji. Nilifanya kazi hiyo peke yangu. Sikuwa na mkubwa wa kumwuliza, wala mwenzangu wa kunisahihisha.

Mtu wa kwanza kunijia alikuwa mjane kutoka Kasenga, muuza samaki wakavu sokoni. Mume wake alikuwa amefariki, na shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Lukafu akitaka kumchukua binti yao wa pekee, kwa sababu, alisema, mtoto ni wa ukoo wa baba. Binti mwenyewe alikuwa bado anasoma kwa masista.

"Tata," mjane aliniambia kwa heshima, "miye sijue kusema mbele ya bantu. Banasema weye unajua."

Nikamwambia asiogope. Nilisema hivyo nimeegemea kiti, kwa sauti ya bwana wangu wa zamani.

Siku ya shauri nilivaa koti na tai. Ukumbi ulijaa watu. Mkubwa wa waamuzi, mzee mwenye miwani, alipotuita nilisimama, nikaanza kwa Kifaransa, nikidhani hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwasalimu waamuzi: "Messieurs les juges..." Papo hapo kila nilichokijua kikatoweka. Niliwaona wale waamuzi wakiningoja, nikarudia tena, "Messieurs les juges..." Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wakacheka wengi.

"Musicheke," mzee alisema. Akanigeukia bila ukali, na upole wake ndio uliniumiza zaidi. "Mutoto wangu, ikala chini. Hii mambo tutaisikia juma ingine."

Nje, yule shemeji alikuwa amesimama na jamaa zake, akiufumbua mdomo na kuufumba bila kutoa sauti. Wote walijua anamwiga nani. Mjane alitembea kando yangu mpaka karibu na soko. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniuliza tu, "Tata, juma ingine utasema?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kisha nikapita njia ya mbali kwenda nyumbani ili nisikutane na mtu anayenijua.

Nilimwambia mke wangu kwamba kichwa kinaniuma. Aliendelea kuchekecha unga wake. Habari ilikuwa imeshamfikia kwenye robine, bomba tulikochota maji wote wa mtaa ule.

"Miaka yote ulikuwa unaandika maneno ya muntu mwingine," alisema. "Kinywa yako haiyazoea. Simama pale. Leo miye ni juji."

Tangu jioni ile, baada ya kula bukari, ugali wetu, na kabla giza halijaingia, alikaa kwenye kiti na mtoto wetu mchanga mapajani, nami nikasimama mlangoni mwa chumba cha kulala. Niliona haya kumtazama usoni. "Sisikie," alisema. "Anza tena." Nilipotumia neno la Kifaransa alijifanya amesinzia. Na ilipobidi awe shemeji, alikuwa shemeji kwa moyo wake wote. Alisimama, akapiga kelele, "Mutoto ni wetu! Ninaenda naye leo!" Nami nikapiga kelele zaidi, "Hauendi naye! Hapa hautoki na huyu mutoto!"

Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Jumapili, baada ya misa, wazee wawili wa parokia walikuja kwetu pamoja na mama wa nyumba ya jirani. Walikataa maji ya kunywa. Mzee mmoja aliiweka kofia yake magotini, akasema, "Tata, tumesikia banyi na bibi yako munapigania mutoto. Ndoa haivunjike hivi. Sema, iko nini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mke wangu alicheka, akawaeleza yote. Hawakumwamini. Mama jirani alimshika mkono kama dada. "Yaya, usimufunike. Siye tulisikia na masikio."

Ikabidi nisimame. Katika chumba changu mwenyewe, mbele ya watu watatu waliokuja kuokoa ndoa yangu, nililisema shauri la mjane tangu mwanzo. Nilipotaja sheria, wazee waliangalia miguu yao. Lakini nilipowaambia jinsi yule binti anavyomsaidia mama yake kupanga samaki kabla ya kwenda shule, na jinsi alivyolala na shati la baba yake baada ya matanga, mama jirani aliguna, na mzee wa kofia akaniangalia. Nikajua pa kuanzia. Walipoondoka walicheka njiani. Nilisikia kicheko chao mpaka kwenye kona, na sikutoka nje tena siku ile.

Juma lililofuata nilisimama tena kwenye tribinali. Nyuma mtu alinong'ona, watu wakaguna kwa kicheko. Nilianza na binti na samaki, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, nikasema mpaka mwisho. Sikusema vizuri sana. Mara mbili mzee mwenye miwani alinitaka nirudie. Waamuzi walishauriana, kisha wakakata shauri: binti atabaki kwa mama yake na kuendelea na shule, na wakati wa likizo atakwenda Lukafu kwa ndugu za baba yake.

Mjane, aliyekuja na binti yake siku hiyo, alinishukuru kwa kunishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimeanza kujisikia mtu, ndipo yule shemeji akatujia. Nilijiandaa kwa tusi. Yeye alichuchumaa mbele ya binti, akamwuliza likizo inaanza lini, binti akajibu kwa sauti ndogo. Shemeji alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Miye na baba yake tulizaliwa wawili tu," aliniambia. "Huyu mutoto iko na sura yake. Haukusema ile."

Juma zima nilikuwa nimemsikia mtu huyu kwa sauti ya mke wangu tu, mtu wa kelele na uchoyo, nikamzoea hivyo. Sikuwahi kujiuliza naye alimlilia nani. Nilitaka kumwomba radhi, na maneno yalikataa kutoka, kama siku ile ya kwanza.

Yule shemeji alivaa kofia yake, akaenda zake upande wa stesheni. Mjane aliniuliza kama tunaweza kuondoka sasa, kwa kuwa samaki wake wamebaki peke yao sokoni.