Gauni la Koito

Nilipita Mogogosiek nikiwa nimejifunika leso usoni mchana kweupe, na wanawake wenzangu wa kanisa wakanicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini kando ya barabara. Sikuwa nimeiba kitu. Juu ya kilima kimoja cha chai pale, nyuma ya kiwanda, ndiko kwao msichana ambaye mwanangu alitaka kumuoa, na sikutaka mtu yeyote wa boma lile anione na viatu vya raba vilivyojaa tope na suruali ya traki niliyoifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Koito ilikuwa imepangwa Jumamosi ile. Hiyo ndiyo siku wazee wa upande wa kijana huenda kuomba msichana na kuzungumza mahari, na siku hiyo ndiyo niliyotaka wanione.

Nilikuwa na sababu ya kujali hivyo. Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa Kipkelion. Wazazi wangu walikuja huko kufanya biashara, nami nikarithi duka la misumari na mabati, nikaolewa hapohapo, nikafiwa na mume hapohapo. Msichana ni Mkipsigis. Kwa jambo hilo hakuna aliyeleta shida, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa shida. Shida ilitoka pengine kabisa. Mwanangu alinipigia simu jioni moja, akaanza kuzungukazunguka, nami nikajua kuna kitu.

"Mathe, huko kwao kuna maneno," alisema mwishowe. "Wamesikia wewe ni mgonjwa. Wanasema msichana wao haendi kuolewa, anaenda kuuguza."

Nilikasirika sana, hasa kwa kuwa haukuwa uongo mtupu. Pale kliniki nilikuwa nimeambiwa sukari imepanda, niache chai ya sukari na mandazi, na nitembee. Hiyo chai niliiacha kwa machungu. Kutembea nako nilianza kwa shingo upande, asubuhi na mapema, kando ya reli mpaka stesheni na kurudi, halafu nikaanza kuyapenda matembezi hayo. Kwa hiyo wanawake wa kanisa waliposema tutembee kutoka Kipkelion mpaka Chebunyo kwa maombi, tukilala kwenye kumbi za makanisa njiani na mizigo ikitutangulia kwa pikapu, mimi nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Shemeji zangu waliniambia nisiende, kwamba koito iko karibu na nitafika huko nimechoka. Mimi ukiniambia nisifanye jambo, ndipo nalifanya. Nilitia gauni langu la koito kwenye mkoba, nikawaambia tutakutana Mogogosiek siku yenyewe.

Safari yenyewe ilikuwa njema, nitaieleza siku nyingine kwa mtu mwenye subira. Tulipanda na kushuka vilima vya chai mpaka macho yakachoka kuona kijani. Tulinyeshewa karibu kila alasiri. Baada ya Bomet nchi ilianza kulala chini na kukauka, mbuzi wakawa wengi kuliko ng'ombe, na Ijumaa asubuhi tukaingia Chebunyo tukiimba, sauti zimetukauka. Suruali yangu ya traki nilikuwa nimeishika kwa mkono mmoja, maana hata ile kamba ilikuwa imeshindwa na kazi.

Hilo la suruali lingenifundisha kitu, lakini mtu hajioni. Nilioga kwa maji ya karai nyuma ya kanisa, nikafungua mkoba, nikavaa gauni. Lilikuwa la kitenge cha samawati na njano, sare yetu sisi wanawake wa upande wa kijana, na nilikuwa nimelishonesha zamani kidogo, wakati mazungumzo yalipoanza tu. Mabega yaliteremka mpaka karibu na viwiko. Kiunoni ningeweza kuingiza mto wa kulalia. Nilisimama mbele ya kioo cha dirisha la kanisa, nikaona mwanamke aliyeazima nguo ya marehemu.

Rafiki yangu mmoja, jirani yangu wa Kipkelion ambaye ni Mkipsigis na tumejuana tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni, alinizunguka mara moja bila kusema neno. Huyo akinyamaza ujue hali ni mbaya.

"Sema," nikamwambia.

"Ukienda hivyo," alisema, "hawatauliza kama uko mgonjwa. Watauliza umebakisha siku ngapi."

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Nilikuwa nimetembea vilima vyote vile ili niwe mzima, na uzima wenyewe ndio ulikuwa unakwenda kunishtaki mbele ya wakwe. Kwetu sote, wao na sisi, mtu akinenepa husifiwa na akikonda huulizwa alilazwa wapi. Akilini nilimwona mwanangu amekaa kati ya wajomba zake akitazama chini, na wazee wa pale wakinong'onezana kwa Kipsigis.

Bahati ilikuwa siku ya soko. Tuliingia kwenye mitumba, rafiki yangu akanishikia leso kama pazia nami nikajaribu nguo juu ya nguo, nikichungulia kama kuna mzee wa kanisa anapita. Kijana wa kuuza aliapa kwamba kila kitu ni saizi yangu. Sketi ya kwanza iligoma kwenye mapaja, ya pili ikapita moja kwa moja mpaka chini nikiwa nimesimama. Kulikuwa na gauni moja zuri la rangi ya zambarau, lakini mgongo wote ulikuwa wazi, na nilipomuuliza yule kijana kitambaa cha mgongoni kilikwenda wapi, alisema ndiyo fashoni. Hata hivyo, yote hayo yalikuwa ya kujisumbua. Wenzangu wote wangekuja na kile kitenge, nami nikija na nguo nyingine ningeonekana nimetengwa na ukoo.

Tulichonunua hatimaye ni sweta, pana na nene, la mwanamume wa nchi za baridi. Wazo la rafiki yangu lilikuwa nivae sweta juu ya gauni, lifiche mabega. Nilipolivaa nilionekana nimenona ghafla, jambo ambalo lilitupendeza sote wawili, ila jua la Chebunyo lilianza kunipika hapohapo. Nikamwambia ningetafuta fundi kwanza. Yeye aliona ndugu wa mama yake wakiuza mbuzi, akaenda kuwasalimia, nami nikarudisha gauni mkobani, nikaenda peke yangu nikiwa bado ndani ya lile sweta na suruali yangu ya traki.

Fundi alikuwa mama wa makamo kwenye baraza la duka, na cherehani ya miguu, na rundo la sare za shule limemfikia magotini. Tukasalimiana, "Chamgei", nikaishia hapo kwa Kipsigis changu, maana zaidi ya hapo najua ya kuuza misumari tu. Nilitandaza gauni mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapa kiuno, bana," nikasema. "Na hapa mabega, bana."

Alilitazama gauni, akanitazama mimi na sweta langu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pana," akasema. "Nimesikia. Hapa pana, na hapa pana."

"Ndiyo. Bana sana, ni ya koito kesho."

"Koito iko na chakula mingi," akasema. "Nitafanya pana kabisa. Nenda ukule, urudi saa tisa."

Nikaenda zangu roho ikiwa imetulia. Lazima nieleze hapa jambo ambalo mtu wa Kericho au Bomet ameshalijua. Kipsigis hakitenganishi herufi p na b, na mzee wa huko akikuambia anataka "mapati" ya kuezeka nyumba, unamfungia mabati. Kikuyu nacho hakina p kabisa, na mimi nilisomeshwa Kiswahili na mama aliyeita pikipiki "bikibiki" mpaka anakufa. Nikisema pana, inatoka bana. Nikisema bana, inatoka bana vilevile. Kwa hiyo pale barazani palikuwa na watu wawili na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa na maana mbili zinazopingana, na kila mmoja wetu aliondoka ameridhika.

Niliporudi na rafiki yangu, gauni lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa msumarini. Nilivua sweta nikaingia nyuma ya pazia la duka. Yule fundi wa kwanza kule kwetu alikuwa ameacha kitambaa kingi ndani ya mishono, na huyu wa Chebunyo alikuwa amekifungua chote, kwa mkono safi sana, mpaka uzi wa mwisho. Nilitoka nje nimeshika kitenge kwa mikono miwili mbele na nyuma. Kilikuwa kinatutosha mimi na cherehani.

"Mama, nilisema bana," nikasema.

"Si ndiyo nimefanya pana?"

"Bana. Ya kukaza."

Alinitazama vizuri sasa, bila sweta, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Lakini nyinyi watu wa Kikuyu mkitaka kusema pana si mnasema bana?" akauliza. "Mwalimu wetu hapa ni wa kwenu, kila siku anasema barabara ya Bomet ni bana. Nikasema huyu ni hivyo hivyo. Na vile ulikuwa mnene!"

Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuegemea nguzo ya baraza, machozi ya kicheko yakimtoka. Alijaribu kumweleza fundi kwa Kipsigis, akashindwa katikati, akaanza upya. Mimi nilitaka kukasirika na nilikuwa na haki yangu, lakini fundi alikuwa amenikosea kwa kunifikiria. Alikuwa ameyapima matamshi ya watu wetu, akanitafsiri kwa heshima, akakosea tu. Nilimcheka, nikajicheka, na nilipomaliza nikakumbuka koito ni kesho.

Yeye alisukuma sare za shule kando. "Hawa watoto watangoja Jumatatu," alisema. "Simama hapa. Hii mara sisikii, napima."

Alinigeuza huku na huku, akatia pini na kuchora kwa chaki bila kuniuliza neno, na nilipotaka kumwelekeza, rafiki yangu alinikanyaga mguu. Cherehani ilianza. Nilikaa juu ya gunia la mahindi nikitazama miguu yake ikipanda na kushuka. Jua lilikuwa linashuka aliponiita.

Gauni lilinikaa. Mabega yalikaa kwenye mabega, kiuno kikakaa kwenye kiuno, na nilipoinua mikono hakuna kilichonikaba. Duka lilikuwa na kioo kirefu cha kuuzwa, wakanisimamisha mbele yake. Nilikuwa sijajitazama hivyo tangu nilipofiwa. Niliona shingo yangu. Niliona mwanamke mwembamba, mweusi wa jua, aliyesimama wima, na hakuwa na ugonjwa popote pa kuonekana. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu ile simu ya mwanangu. Rafiki yangu alinizunguka tena mara moja, na safari hii akasema, "Sasa hata wewe unaweza kuombwa."

Jumamosi nilirudi Mogogosiek kwa gari, tukapanda kile kilima nyuma ya kiwanda, shemeji zangu na mimi, kitenge kimoja. Wazee waliongea kwa muda mrefu, wakataniana kuhusu ng'ombe, wakakumbushana ukoo na ukoo. Nilihisi macho ya wanawake wa pale yakinishuka kutoka kichwani mpaka miguuni na kupanda tena. Niliyaacha yafanye kazi yake. Mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, ilipoanza kuzungushwa kwenye vikombe, mama wa msichana alinigusa bega, akaniambia nimfuate jikoni nikaone moto.

Hapakuwa na moto wa kuonwa. Alifunga mlango wa jikoni, akasimama mbele yangu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye uso wa kupendeza, na mikono yake ilikuwa na weusi wa majani ya chai kwenye ncha za vidole.

"Umependeza," alisema. "Lakini sisi ni wamama. Niambie ukweli, uko mgonjwa?"

Ningeweza kukana. Gauni lilikuwa linanisaidia, na nje wazee walikuwa wamefika pazuri. Lakini alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya binti yake, na mimi ningeuliza vivyo hivyo.

"Niko na sukari," nikamwambia. "Lakini sijalala kitandani hata siku moja. Nimetoka Kipkelion mpaka Chebunyo kwa miguu. Hapa kwenu nimepita Jumatano."

Aligeuka, akahakikisha mlango umefungika. Nilisikia mzee mmoja huko nje akikohoa kabla ya kuanza kusema, na nikawaza, basi, nimeivunja koito ya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mimi niko na presha," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Hapa nyumbani hakuna mtu anajua, hata huyo msichana. Dawa naficha kwa mkebe wa chumvi."

Tulitazamana. Alianza yeye kucheka, kimyakimya, mabega yakitikisika, akanishika mkono asianguke.

"Wacha waoane," alisema. "Watatuuguza sisi wote wawili."