Siku Mabenchi Yalipotolewa Sebuleni

Saa moja asubuhi, Jumapili. Mhubiri ambaye vijiji vyote vya upande huu vinamwita Mama Njia yuko sebuleni kwa marehemu rafiki yake, kanga kiunoni, akiinua benchi la kanisa. Haliingizi ndani. Analitoa.

Kwa miaka kumi na tisa ametembea kijiji hadi kijiji, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Haanzi na mahubiri. Huomba kazi: apukuchue mahindi, achambue maharage.

"Mikono ikiwa kazini, masikio hayana pa kukimbilia," anasema.

Sala ya watu wawili ikizaa ya watu kumi, nyumba ile inakuwa kanisa, naye hufunga safari nyingine. Makanisa manane yameanza hivyo. Matatu yamekufa, yote kwa kukosa paa baada ya kutoka nyumba ya kwanza.

"Mvua ya kwanza inapunguza watu. Ya pili inamaliza."

Hili la sebuleni ndilo kubwa kuliko yote. Mwenye nyumba alizikwa mwezi uliopita. Mwanawe amerudi na mke mjamzito, na chumba anakitaka.

"Si umwambie mama yake aliahidi sebule hii iwe ya kanisa?" fundi baiskeli, muumini wa siku nyingi, alimnong'oneza juzi.

"Baba, ahadi ya marehemu nisiifanye fimbo ya kumchapia mwanawe."

Hata hivyo alikwenda kumsihi kijana. Jibu lilimkata maini.

"Mama, nakuheshimu. Lakini kila mkesha wenu sisi watoto tulihamishiwa jikoni, tukalala na moshi. Kuna siku mtu alituuliza?"

Mama Njia alikiri. "Hakuna, mwanangu. Tulimwomba mama yenu tu. Ninyi hatukuwaona."

Ndiyo maana leo anabeba. Mke wa kijana anakuja kushika upande wa pili wa benchi, anarudishwa.

"Wewe kaa, mwanangu. Ulichokibeba kinatosha."

Uani waumini wamesimama kama watu waliopoteza kitu wasichojua waanzie wapi kukitafuta. Fundi cherehani, mama wa makamo, anasogea huku akifikichafikicha ncha ya kitenge chake.

"Kwangu pamebana, mama, lakini bati lipo. Ila mume wangu hasali. Jumapili nzima yeye ni kukoroma."

"Basi besi ya kwaya tumeshapata!" fundi baiskeli anadakia. Wanacheka, kicheko cha msibani, kisicho na mizizi.

Mama Njia hashukuru upesi. "Wanao wanalala wapi?" anauliza.

"Hapohapo sebuleni."

Anatikisa kichwa polepole. Jumanne atakwenda, azungumze na mume kwanza, kisha na watoto. Anaomba jambo hili litulie kabla mawingu hayajajaa.

"Yule mdogo wako ana miaka mitano," anasema, akifuta vumbi la benchi la mwisho kwa kiganja. "Naye nitamwuliza. Akisema hataki, tutakaa uani na mvua yetu, mpaka atuite mwenyewe."