Vitundu vya Kofia ya Mama

Niliponunua lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mume wangu alinibandika jina: mpiga picha wa sisimizi. Hakukosea. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, lakini kwa wiki mbili nzima sikupiga uso wa mtu hata mmoja, ila sisimizi, chembe za chumvi na kucha zake yeye akiwa usingizini. Lenzi yenyewe ilikuwa ya mtumba, ya kamera zetu hizi ndogo, na haina zumu: ukitaka kitu kionekane kikubwa, usogee mwenyewe mpaka pua ikaribie kukigusa. Niliipenda kijinga.

Ndipo mama akaja kwetu Chaani kutoka Kisauni, akaniwekea mkebe wa sindano mezani. Yeye na mama mdogo walikuwa wakishona kofia pamoja tangu sijazaliwa: mama akitoboa vitundu vya juu na kuvizungushia uzi, mama mdogo vya ubavuni. Sasa mteja alikuwa amerudisha kofia, akisema vitundu vimepinda. Hakuna aliyeuliza ni vya nani. Mama ndiye mkubwa, ndiye mwenye miwani, basi lawama ikawa yake, naye akaipokea.

"Mpelekee mamako mdogo hizo sindano. Mato yangu yamekwisha, mwanangu."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza sukari. Iliniuma sana. Sikuwahi kumwona mama akikaa bila kofia mapajani.

Nikamwomba ile kofia iliyorudishwa, aliyokuja nayo, niipige picha. Nyumba yetu hutetemeka kila lipitapo lori la mafuta, na kwa lenzi ile mtetemo kidogo tu huvuruga picha nzima, kwa hiyo nikamweka mama dirishani anichungulie barabara.

"Haya, piga! La, la, ngoja, jingine hilo laja!"

Tulicheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Nikamfungulia picha kwenye kompyuta. Vitundu vya juu vilikuwa duara kamili, kimoja kama kingine, uzi umezunguka bila pengo. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha nikafungua za ubavuni. Lahaula! Kimoja kirefu, kingine kimefumba, mstari mzima unapanda na kushuka.

"Hivi si vyangu," akasema polepole, kisha akacheka hadi akashika mbavu. "Na yeye ndiye aliyekuwa akiicheka miwani yangu, wallahi!"

Mimi ningempigia simu palepale. Nikauliza kama nimtumie mama mdogo picha.

"Za juu mtumie. Za ubavuni futa."

"Mama!"

"Futa, nakwambia. Yule yuwaogopa miwani tangu utotoni." Alikuwa keshauvuta mkebe wake, anachagua sindano. "Kesho nitamwambia anisindikize kwa daktari wa mato. Tukifika mlangoni, nitamtanguliza yeye."