Kahonzi na Riwaya za Msimu wa Mvua

Jua limeshapanda juu ya mabwawa ya chumvi ya Gongoni, pwani ya Kenya, na weupe wa chumvi unaumiza macho. Kahonzi Mwaro, mwenye umri wa miaka arubaini na mitatu, anavuta chumvi kwa reki na kuikusanya chungu chungu, huku wenzake wakimwandama kwa maswali.

"Enhe, Kahonzi! Yule mwanamke wa kitabuni alirudi au hakurudi?"

"Ngojeni mapumziko," anajibu akicheka. "Nikisimulia huku navuta nitawachanganyia."

Masika yakinyesha, chumvi haigandi. Vibarua hurudishwa nyumbani bila malipo mpaka jua lirejee. Wengine hulima, wengine hukaanga samaki wakauza. Mwaka huu Kahonzi, aliyeishia darasa la nane, alilima asubuhi na kusoma riwaya mchana.

Vitabu vyenyewe havikuwa vyake. Jirani yake, Mwalimu Jedida, alikuwa akienda kwao bara kwa likizo ya Aprili. Paa la chumba chake huvuja, basi akamwachia Kahonzi sanduku la vitabu amlindie.

"Nililizunguka sanduku lile kutwa kama paka aliyeona kitoweo," anasema. "Mwisho nikampigia simu. Nikamuuliza, 'Mwalimu, naweza kufungua nikatazama?' Akacheka, akaniambia, 'Dada, soma vyote.'"

Kurasa za mwanzo zilimtoa jasho. Maneno mengine hayakumwingia mpaka ayatamke kwa sauti. Mumewe, Dzombo, alinung'unika kwamba ugali unaungua. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila jioni, "Leo wamefikia wapi?"

Kazi iliporejea, Kahonzi alikuwa amemaliza riwaya tano, na wenzake walizitaka zote. Kila mapumziko walikaa kivulini na chai ya rangi, naye akasimulia.

Siku moja aliwasimulia kisa cha mwanamke aliyemwacha mwanawe mchanga kwa mama mkwe, akaenda mbali kutafuta kazi. Wasikilizaji walimrukia mwanamke huyo kwa maneno. "Huyo si mama!" mmoja akasema. "Hata kuku hawaachi vifaranga!"

Zipporah, kibarua mwenzao aliyetoka bara, aliweka kikombe chini, akachukua reki yake na kwenda zake bwawa la mbali.

Kahonzi alimfuata. "Mwenzangu, nimekukosea?"

"Hukunikosea," Zipporah akasema bila kugeuka. "Lakini humo kitabuni, yeye mwenyewe anasemaje?"

Kahonzi alikuwa ameziruka kurasa ambamo mama yule anajieleza, akikimbilia mahali penye vurugu ili wenzake wafurahi.

"Hapo ndipo aliponiambia ana mtoto aliyemwacha huko kwao," Kahonzi anakumbuka. "Tumefanya kazi pamoja miaka, sikuwa najua."

Kesho yake alikuja na kitabu chenyewe, amekifunga kwa mfuko wa plastiki kisirowe. Hakusimulia. Alisoma neno kwa neno, pale mama anapoeleza njaa ya mwaka ule na usiku alioondoka. Yule aliyetaja kuku na vifaranga alijifuta macho kwa leso.

Zipporah, ambaye ameridhia kisa chake kiandikwe, anasema wiki hiyo alimpigia simu mwanawe, Dedan, ambaye sasa ni kijana wa sekondari. Alikuwa hajampigia kwa muda mrefu.

"Nilidhani atakata," anasema. "Badala yake akaniuliza chumvi inatengenezwaje. Nikamweleza mpaka pesa za simu zikaisha. Akanipigia yeye."

Disemba hii Zipporah anapanga kwenda kumwona. Kwa sasa, jioni akitoka kazini, hupita kwa Kahonzi kujizoeza kusoma, kwani shule aliiacha mapema.

Naye Kahonzi ameshaomba ukumbi wa kanisa kwa ajili ya masika yajayo, wanawake wa chumvi wapate mahali pakavu pa kusomea.

"Nimemwambia Mwalimu atuletee vitabu vya kututosha," anasema akiinua reki. "Na safari hii sisimulii mimi. Tutasoma kwa zamu, na Zipporah ndiye atakayeanza."